Alama Nyekundu

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na mgongo umetulia. Mimi mzima.

Watoto wangu wa darasa la kwanza wamekipokea kisanduku chako cha maumbo ya mbao kwa kelele! Natia vipande kwenye mfuko wa kitambaa, mtoto anaingiza mkono bila kuchungulia, anahesabu pembe kwa vidole, kisha anataja umbo. Kinyonga, yule mtoto asiyefungua kinywa darasani, jana alipapasa akapaza sauti: "Mchemraba!" Nililia, Baba. Tuongezee michemraba ishirini, tujenge mnara.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo ni ule ule. Ishirini hiyo hapo. Mwambie Kinyonga fundi wake anamsalimu.

Baba

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Hali zenu? Leo nina lawama. Hivi siku hizi unakata huku unasinzia? Hata mwandiko wako unapanda mlima. Michemraba imepinda, mnara unaanguka kwenye kipande cha tatu. Nakurudishia kisanduku. Kila palipokosewa nimetia alama nyekundu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kazi mbovu haitoki karakanani.

Binti yako

2 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni mama yako, mimi nasema tu. Nimevipapasa vipande vyote mara mbili, alama sikuzipata. Macho yameniishia tangu mwaka jana. Ningekuambia, ungeliacha darasa lako urudi. Nilikata kwa kupapasa, kama watoto wako, nikajiona bado fundi. Nisamehe.

Baba

14 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Naona aibu hata kushika kalamu. Nirudishie kisanduku kama kilivyo, watoto watafute kwa vidole palipopinda. Kinyonga anamuulizia fundi wake. Shule zikifungwa nakuja, tukate pamoja, mimi nishike rula.

Binti yako

30 Julai

Mwanangu,

Hatujambo. Nimemsomea baba yako barua. Nilipofika kwa Kinyonga alicheka kidogo. Lakini umechelewa, mama. Msumeno na randa alimpa fundi jirani siku ile nilipomsomea lawama zako.

Vipande nakutumia vyote isipokuwa kimoja. Hicho hakiachii. Anakaa nacho mlangoni mwa karakana, anakigeuza na kukigeuza. Jana aliniomba nimshike kidole nikiweke penye nyekundu. Nikakiweka. Akauliza, "Hapa?" Nikasema ndiyo. Hakukiondoa mpaka chakula kikapoa.

Mama yako