Kioo cha Kulia cha Miwani ya Baba

Shuleni, Kitale
Jumamosi, kabla ya adhuhuri

Baba mpendwa,

Kabla hujampa mtu akusomee barua hii, fungua kwanza leso niliyoifunga pamoja nayo. Ndani utakuta kioo cha kulia cha miwani yako. Kishike mbele ya jicho usome mwenyewe, polepole, kwa sababu haya nimemwambia mtu mmoja tu, na sitaki mwalimu wa kanisani ayasome kwa sauti watu wakisikiliza. Kioo hicho hakikupotea. Nilikichukua mimi. Mdogo wangu Nasimiyu hakukifagia nje.

Najua nilipaswa kuanza na salamu. Kifua cha bibi yetu Kukhu kinaendeleaje na baridi hii? Yale mahindi ya upande wa mtoni yaliinuka tena baada ya mvua ya mawe, au mmeyapoteza? Mama bado anachechemea? Mimi siumwi popote. Huku asubuhi tunaoga maji yanayouma kama upupu, lakini tumezoea.

Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa sayansi aliniazima kamera yake ya zamani, ile ya boksi jeusi, na filamu tatu. Kila filamu ina picha nane. Alitaka wadudu wa bustani ya shule, wale wanaokula mboga na wale wanaowala hao. Nikimpatia sita nzuri, zitatundikwa ukutani siku ya maonyesho ya wakulima, na jina langu chini yake. Baba, unajua nisivyoweza kusema mbele ya watu. Darasani naulizwa jambo ninalolijua vizuri, nasimama, ulimi unakataa, nakaa. Niliona picha hizo zitanisemea.

Filamu ya kwanza ilirudi kutoka duka la dawa mjini, wanakosafishia filamu, baada ya majuma mawili. Mawingu manane. Panzi wingu, nyigu wingu. Mwalimu akanieleza kwamba kamera hiyo ilitengenezwa kwa watu waliosimama mbali hatua nne au zaidi, na kitu cha karibu haikioni sawasawa. Lakini panzi wa hatua nne ni nukta tu.

Ndipo likizo ikafika, na ile skrubu ndogo ya miwani yako ikalegea. Ulikuwa umetoka kumtazama ndama. Kioo kilikuwa kimeanguka juu ya gazeti, nikakiokota nikuwekee. Sisimizi akapita juu ya maandishi, nikamtazama kupitia kioo, nikaona mpaka viungo vya miguu yake. Nikakitia mfukoni. Nilijiambia ni kwa siku moja tu. Uliporudi uliuliza kiko wapi. Tulipiga magoti sote tukatafuta chini ya kitanda na kwenye majivu, nami nikatafuta pamoja nanyi, kioo kikiwa mfukoni mwangu. Kwa kuwa Nasimiyu ndiye aliyefagia asubuhi ile, alichapwa yeye. Nilimsikia akilia nyuma ya jiko. Nikafunga sanduku langu nikarudi shule.

Ungedhani mtu akishafanya ubaya wa namna hiyo, angalau atapata picha.

Nilikibandika kioo mbele ya kamera kwa nta ya nyuki. Kabla ya kutia filamu niliifungua kamera nyuma, nikaweka karatasi iliyopakwa mafuta, nikasogea mbele na nyuma mbele ya ua la boga mpaka likaonekana wazi kwenye karatasi. Nikapima umbali huo kwa uzi na kufunga fundo. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mtihani. Filamu ya pili ikarudi, na kweli, Baba, mishipa ya jani ilihesabika. Lakini hapakuwa na mdudu mzima hata mmoja. Kile kidirisha cha kuchungulia kiko juu, na jicho la kamera liko chini yake, kwa hiyo mimi naona kichwa na kamera inapiga miguu. Vunjajungu mkubwa niliyemvizia siku tatu alitoka bila kichwa. Wenzangu walizipitisha bwenini. Tangu siku hiyo naitwa Daktari wa Panzi, na mmoja huniuliza kila asubuhi kama nimewaambia wagonjwa wangu wacheke.

Filamu ya tatu nilianza kulenga juu zaidi, vidole viwili. Picha ya kwanza, upepo. Ya pili, nyuki akaondoka. Ya tatu hata sijui nilibonyeza wakati gani. Ya nne alikuwa kiwavi juu ya kabichi, ametulia, uzi umenyooka, nimezuia pumzi. Mzee Ndiema, mtunza bustani wetu anayetoka Saboti, akaja na karai la majivu akamwagia kabichi yote, na mimi pia, nikabonyeza kwa kushtuka.

"Wewe mtoto ya Bungoma," akaniambia, "hii dudu anamaliza kabichi ya mwalimu, na wewe unampiga picha? Mimi niko hapa kila siku na koti yangu. Hakuna siku umeniona."

Nilikuwa na hasira hata machozi yalinitoka, nikasingizia majivu.

Juma lililopita barua yako ikafika. Kabla sijasoma neno nilijua mwandiko si wako. Umesema umemwachia mwingine kusoma neno Jumapili kwa sababu herufi zinakukimbia. Umesema yule mchuuzi wa Lwakhakha aliyekuuzia miwani haleti tena nyingine kama hiyo. Na umesema Nasimiyu amekatazwa kugusa kitu chochote mezani pako, na siku hizi huomba ruhusa hata akitaka kufagia uani. Uliyaeleza kama habari za kawaida. Niliyasoma nyuma ya ghala, nikarudia.

Na bado nikahesabu kwamba zimebaki picha nne. Nikasema, nimalize kwanza. Ndiyo, Baba, siku tano nilisema hivyo. Kila siku baada ya masomo natoka na kamera, na kila siku mawingu yametanda, na kamera hii bila jua ni boksi tu. Niliyakasirikia mawingu, nikamkasirikia Mzee Ndiema, nikawakasirikia waliotengeneza kamera. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa yule aliyestahili.

Ninaomba jambo moja. Nasimiyu alichapwa mbele ya watu wa nyumba. Mwite mbele yao hao hao umwambie ni mimi. Siombi nisamehewe nikija Agosti. Utanifanyia utakavyoona.

Barua hii na leso anazileta Bwana Salim, fundi wa nguo anayekaa karibu na msikiti hapo Bungoma. Alikuja Kitale kuchukua vitambaa na anarudi kwa basi la mchana. Nisalimie Mama, na Kukhu mwambie najifunika kifua. Nisalimie Mjomba Wekesa, fundi wa baiskeli. Labda ana skrubu ya kukaza kioo kisianguke tena. Na Shangazi Nekesa wa sokoni.

Leo asubuhi jua lilitoka. Vunjajungu alikuwa juu ya mti wa maharagwe, yule mkubwa wa kijani, akipangusa mikono yake, na hakukuwa na upepo hata kidogo. Kioo kilikuwa bado kwenye kamera. Niliusogeza uzi mpaka fundo likamkaribia, naye akageuza kichwa akanitazama. Nikatia ukucha chini ya nta nikakibandua kioo. Nilikiosha kwa sabuni, nikakifunga kwenye leso. Kisha nikamwita Mzee Ndiema. Aliweka jembe chini, akafunga vifungo vyote vya koti, akauliza asimame wapi. Nilimsimamisha kando ya kabichi, nikahesabu hatua nne kurudi nyuma, nikampiga picha. Halafu nikaipeleka kamera kwa mwalimu, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba picha sita hazitakuwepo na kwa nini, nikaja hapa bwenini nikakaa kukuandikia.

Mimi mwanao,
Wanyonyi