Sindano ya Surua

Matinyani, Jumapili, Julai 1984

Kama Mutiso angekuwa hapa, tungeamua pamoja. Lakini mume wangu yuko Mtito Andei, anauza petroli kituoni, na harudi mpaka Krismasi.

Baada ya ibada leo, nesi alitangaza kwamba anadunga watoto sindano ya surua pale nje ya kanisa. Mama mkwe akanivuta kando, mimi na mwanangu Kioko.

"Mtoto mzima hadungwi. Ngoja baba yake arudi."

Surua haingoji mtu. Ilimchukua binti yetu Mwende mwaka juzi, na yeye pia alikuwa mzima. Mpaka leo watoto wakicheza nje, najikuta nikisikiliza kama sauti yake imo.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe," nikamwambia. "Nampeleka Kioko."

Nilidhani atakasirika. Badala yake akamchukua Kioko, akamfunga mgongoni kwake.

"Twende basi. Hata mimi bado namlilia Mwende."

Kioko alilia sana. Sasa amelala, ana joto kidogo. Nesi alisema litaisha.

Sindano hii ingefika huku mwaka juzi, leo ningekuwa nawafunika watoto wawili blanketi.