Kungwi Aliyeimbisha Amri za Mungu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hukunizidi basi uniitikie tu. Naomba msaada, mimi ni Adija, mwanamke mzee wa huku juu ya Mingoyo, na Pasaka hii nilitegemea kubatizwa niitwe Veronika. Tangu ujana wangu kazi yangu ni ukungwi, nimewacheza wari, wasichana waliovunja ungo, wengi hata siwakumbuki wote, kisha vita vya Majimaji vikanichukulia mume na wanangu, njaa ikafuata, watu wa misheni wakanipokea, nikampenda Yesu wao kwa moyo wote, wala si kwa ajili ya uji. Juzi mwalimu wetu wa dini, Likwata, aliugua akaniomba niwakumbushe wanawake wenzangu Amri Kumi, maana zilikataa kukaa kichwani, nami najua njia moja tu ya kufundisha, makofi na wimbo, basi nikazitia katika wimbo wa unyago, ule wa siku ya mwisho, ambao maneno yake siwezi kumtajia jirani yangu Cecilia anayeniandikia, ingawa anayajua na hapa anacheka. Wakaushika upesi, lakini Jumapili padre alipowauliza amri wakajibu kwa kuimba, na walipofika “Usizini” viuno vikaanza kwenda vyenyewe, kanisa zima likaangua kicheko, padre Mdachi wa watu akauliza kuna nini, hakuna aliyethubutu kumwambia. Sasa Likwata anasema nisibatizwe, nirudi kwenye unyago wangu, nami nalia kila siku kwa sababu nilidhani uzeeni nimepata kazi ya Mungu. Je, Mungu ana haja na kungwi?

*

Bibi Adija, shikamoo, umenizidi. Kwanza pole kwa mume na wana. Nimehuzunika nawe.

Sasa nikugombeze. Nyimbo zote hizo, za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto, ukaenda kuchagua ule! Mimi nami nilichezwa, huku Kilwa, kwa hiyo usinidanganye kwamba hukujua. Nimecheka hadi machozi, lakini umekosa.

Kesho asubuhi mchukue Cecilia, nenda kwa padre mwenyewe umweleze yote, hata habari ya viuno. Ataiva uso kama pilipili, kisha atakusamehe. Ubatizo uko mikononi mwake, si mwa Likwata. Hata hivyo kwa Likwata nenda na kuku umwombe radhi, maana ulimwaibisha mbele za watu naye alikuamini. Halafu amri zako zihamishie kwenye wimbo wa kutwanga, na kila mwanamke aje na mchi wake. Mikono ikiwa na kazi, viuno vitatulia.

Unauliza kama Mungu ana haja na kungwi. Wanawake wale walishindwa kushika amri kichwani, sasa wanazijua zote kumi, na aliyewafundisha ni wewe. Kama hiyo si kazi yake, niambie ni ya nani! Futa machozi, bibi, wenzako wanasubiri kufundishwa Baba Yetu.