Taa Tuliyoipeleka Segerea

Mtoni, Temeke
Dar es Salaam
Juni 1996

Rafiki yangu Hope,

Naomba salamu hizi zikukute ukiwa mzima wa mwili na mtulivu wa moyo, na majira yale ya huko Uingereza ambayo mimi na wewe tulikuwa tukiyaita ya joto kwa heshima tu yawe yamekufikia. Sisi huku hatujambo. Shangazi Somoe anakusalimu sana. Anauliza kama umenenepa, nami nimemjibu kwamba kwa chakula cha bweni lile hajapata kunenepa mtu. Nafundisha, nasahihisha, na umeme unapokatika katikati ya somo namalizia kwa chaki na kwa sauti.

Ningependa niendelee kukuuliza habari za maabara yetu ya huko na za kila tunayemfahamu, kama tulivyolelewa, lakini jambo lililo mbele yangu halinipi nafasi. Ijumaa iliyopita, katika sebule ya wazazi wako kule Segerea, yalisemwa maneno yanayokuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote, nawe hukuwapo. Baba yako ameahidi kukuandikia. Naiombea barua hii iitangulie ya kwake, kwa maana nataka uyasikie kwangu, tangu mwanzo wake, kabla hujaamua kama mimi bado ni rafiki yako.

Kifurushi chako kilifika salama mkononi mwa yule mwalimu aliyekuja likizo. Nilikifungua mezani kwa Shangazi, nikakitoa kile kipande cha kioo kisichozidi ukubwa wa stempu mbili, kimezibwa kwa gundi pande zote, na nyaya zake mbili nyembamba kama miguu ya mbu. Niliijua kazi hiyo kabla sijasoma maelezo yako. Utando ule wa rangi ya chungwa ni wa mkono wako. Pale maabara hapakuwa na mwingine aliyeweza kukizungusha kioo na utando ukatandaa sawasawa mpaka pembeni.

Uliniomba nikipeleke kwa wazazi wako wakione kikitoa mwanga, kwa sababu watu wa kanisani humuuliza mama yako binti yake anasomea nini, naye akijibu kwamba ni plastiki, humcheka na kumuuliza kama unajifunza kutengeneza ndoo. Nilikubali kwa furaha. Hata nilichagua siku ya Ijumaa kwa kuwa sina kipindi cha jioni.

Kosa lilianzia hapo, na sijui nimlaumu nani. Nyaya zile zingekatika kwa mtikiso mdogo, hivyo ilibidi kioo kibebwe kikiwa kimelala, mbali na jua na unyevu. Shangazi akatoa sinia lake dogo la shaba, akatandika kitambaa alichokitarizi mwenyewe, akaweka pembeni kifuko cha mchele uliokaangwa ili uvute unyevu, kama tunavyofanya kwenye chumvi, kisha akafunika yote kwa kitambaa cha pili chenye maua ya asumini. Na kwa kuwa si adabu kijana kuingia peke yake kwa mara ya kwanza katika nyumba asiyoizoea, Baba Mdogo Mfaume alinisindikiza. Alikuwa ametoka msikitini, amevaa kanzu, koti na kofia yake ya viua.

Wewe uliyekulia mtaa ule, hebu tutazame kwa macho ya majirani zenu. Mzee wa pwani amevaa kanzu na koti. Nyuma yake kijana ameshika sinia lililofunikwa, amelikodolea macho, anatembea kwa tahadhari kama aliyebeba mtoto mchanga. Wanapiga hodi Ijumaa alasiri katika nyumba yenye binti mmoja ambaye hajaolewa. Bi Mauwa alikuwa barazani kwake akichagua mchele. Hakuuliza kitu. Alisimama, akajifunga khanga kiunoni, akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika mpaka kule gereza la Segerea.

Tulipokaribishwa kuketi, sebule ilikuwa imejaa na mlangoni watu walikuwa wamesimama. Baba yako alikuwa amebadilisha shati. Mama yako alileta soda, akatuita wote wawili baba zake, akawa ananitazama miguu na viatu. Mimi na Baba Mdogo tulidhani umati ule umekuja kuiona taa. Tulitazamana tukiwa tumefurahi sana kwamba Segerea inapenda sayansi kiasi hicho. Nilikuja kusimuliwa baadaye kwamba Bi Mauwa alikuwa mlangoni akiwaeleza wanaofika kwamba posa ya Hope imekuja, na kwamba tangu enzi zile za ruksa kila kitu ruksa, hata mchumba kujibebea sinia mwenyewe.

Baba yako aliwashukuru wageni, akasema kwamba nyumba iko tayari kulisikia lililotuleta. Baba Mdogo akasema kwamba yeye ni msindikizaji tu na mwenye maneno ni mimi. Nilisikia watu wakishusha pumzi. Nikasimama, nikazungumza kama ninavyozungumza mbele ya mkutano wa wahadhiri. Niliwaambia kwamba plastiki tuliyoizoea hukataa umeme, na ndiyo sababu waya hufunikwa nayo. Nikasema kwamba hata hivyo ziko polima, yaani jamii ya plastiki, za aina nyingine, ambazo zikitandazwa nyembamba kupita kiasi kati ya vyuma viwili, huupokea umeme na kuugeuza mwanga. Nikaeleza kwamba chembe za umeme huingia kutoka upande huu na nafasi tupu kutoka upande ule, kwamba hivyo viwili havifanani kwa asili, na kwamba mpaka vikutane katikati ndipo mwanga huzaliwa. Mzee mmoja mwenye mkongojo alipiga goti lake akasema haswa, kijana huyu amefundishwa kusema. Nilipoongeza kwamba adui wa mwanga huo ni vitu vinavyopenya kutoka nje, wanawake wote waliitikia kwa pamoja kwamba ni kweli tupu. Wanafunzi wangu hawajawahi kunisikiliza namna ile.

Tukafunga madirisha, mama yako akaziba mianya kwa mablanketi, chumba kikawa kiza na joto. Nikaunganisha nyaya kwenye betri za redio. Hope, iliwaka. Ilitoa rangi ile ya kaa linalotaka kuzimika, bila mshumaa, bila balbu, bila sauti, na nyuso za watu wako wote zikaonekana zimeizunguka. Aliyekuwa akikohoa aliacha kukohoa. Mama yako alisogea mpaka pua yake ikakaribia kukigusa kioo, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mikono yako imegusa pale.

Nilimwambia kweli, kwamba hapana, hakuna mkono unaogusa pale. Nikamweleza juu ya sanduku letu la kioo lisiloingiza hewa, na glovu nene zilizounganishwa kwenye kuta zake, ambazo mtu hutia mikono akiwa nje akafanya kazi ndani. Hapo ndipo nilipoanza kueleza zaidi ya nilivyoulizwa. Nilisema kwamba sanduku lile lina glovu pande mbili, kwamba wewe ulikaa upande wa dirisha nami upande wa ukuta, na kwamba kila nilipokupa kioo ulinibonyeza kidole mara mbili kupitia mpira, kunijulisha kwamba umekishika sawasawa, ndipo nami nikiachie. Nikasema kwamba tangu nirudi nyumbani, nikimpa mtu kitu chochote, kikombe cha chai au kipande cha chaki, mkono wangu husita kwanza, unangoja. Vikombe viwili vimevunjika chuoni kwa sababu hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake ameshika.

Hakuna aliyecheka. Wakati huohuo madoa meusi yalianza kutokeza juu ya kioo, yakatanuka, yakaungana, na mwanga ukafa. Hewa yetu ilikuwa imepenya pembeni mwa nyaya. Mama yako akauliza kama ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, na swali hili najua ni lako zaidi kuliko langu, kama kazi unayoisomea itaweza kuishi huku kwetu, au utalazimika kuifuata ilipo. Nikazichomoa nyaya kwenye betri. Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba wamekutaka ubaki kufanya kazi pale, nami nimeisoma sentensi ile mpaka karatasi imechakaa.

Madirisha yakafunguliwa. Baba yako alijifuta jasho, akasema kwamba utangulizi ulikuwa mzuri, wala hajapata kuona posa iliyoletwa kwa elimu namna hiyo, ila sasa angependa kusikia neno lenyewe, mahari na mengineyo yatafuata. Baba Mdogo aliweka chupa ya soda chini. Alinitazama, akalitazama sinia, akaitazama kanzu yake mwenyewe, na nikaona uso wake ukielewa hatua kwa hatua. Akaanza kucheka kwa aibu, akasema, Mzee Leodegar, utuwie radhi, ndugu yangu, sisi tumeleta taa tu, taa ya mwanao mwenyewe, hatukuja na…

Hapo nilimkatiza. Nimelelewa na mtu yule tangu baba yangu alipofariki na sijawahi kumkatiza kauli. Nilisema kwamba neno lipo.

Ningeweza kumwacha amalize, Hope. Watu wangecheka, Bi Mauwa angerudi kwenye mchele wake, na leo ningekuandikia kichekesho. Lakini nilipomsikia akisema kwamba tumeleta taa tu, niliona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya wote waliokuwa mle. Nilisema kwamba sikuja kwa ajili hiyo na sinia halina posa, lakini mbele ya wazee siwezi kulikana jambo ambalo nimekaa nalo tangu siku zile za sanduku, upande wa pili wa kioo, bila kuthubutu kulitamka. Nikasema nakupenda. Nilisema kwa maneno hayohayo, mbele ya baba yako.

Mama yako aliuliza kama wewe unajua. Nikajibu kwamba hujui. Akasema, mwanangu hajui, na Segerea nzima inajua. Ndipo watu walipocheka, hata mimi.

Baba yako hakucheka. Alisema kwamba kuna jambo la dini, nalo si dogo, atalipeleka kwa padri wake na Baba Mdogo alipeleke kwa wazee wake, na kwamba hilo si la kumalizwa kwa soda. Lakini jambo la kwanza, alisema, ni lako peke yako, na bila neno lako hakuna mkutano wa pili. Njiani Baba Mdogo aliniuliza kama na wewe una tabia ya kuvunja vikombe.

Nafasi uliyopewa huko usiikatae kwa ajili yangu, wala usiniandikie kwa huruma. Ila nakuomba jambo moja. Kwetu pwani binti akiulizwa akanyamaza, huhesabiwa kwamba ameridhia. Mimi sitaki kukupata kwa kimya. Posta yetu unaijua, na kimya chaweza kuwa mfuko wa barua uliosahauliwa mahali, nami nitaishi ndani yake nikijidanganya. Andika, hata kama ni neno moja. Likiwa hapana, nitakwenda mwenyewe kumwambia baba yako, ili usilazimike kulisema mara mbili. Likiwa ndiyo, sitakwenda popote. Nitakaa hapa nikungoje, kazi ambayo nimegundua kwamba naiweza.

Wasalimie wote pale maabara. Shangazi amenisimamia hapa mlangoni, anasema nisisahau kukwambia kwamba amekuombea. Hajaniambia amekuombea nini.

Ni mimi, mwenye kukukumbuka,

Talha Mwinjuma