Umeme Ulipokatika Nguba

Jumatatu, 26 Agosti 1974
Wifi Nabintu amenipokonya pasi tena. Anaamini pasi na moyo wangu vinagombania umeme mmoja. Hata redio anaizima nikipita. Nimechoka. Mashine iko chini ya ngozi, karibu na bega, ukubwa wa kipande cha sabuni. Madaktari waliniwekea Ubelgiji. Waya wake unausukuma moyo unapozembea, na betri imo humo humo. Nimeeleza mpaka mate yamekauka.
Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Nitakwenda.

Jumatano, 28 Agosti
Kikao cha ukoo, sebuleni kwangu, bila kuniuliza. Baba mkubwa wa mume wangu ameamua: nisifundishe. Shule yetu ya Kadutu haina umeme, nitazimika huko. Kabla ya mashine nilikuwa naanguka mbele ya ubao, chaki mkononi. Wakati ule hakuna aliyenizuia. Mume wangu alitazama viatu vyake muda wote.
Hasira. Sikuwapikia.

Ijumaa, 30 Agosti
Mvua ya kwanza, na umeme ukakatika mtaa mzima wa Nguba. Redio ilinyamaza katikati ya nyimbo za chama. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachuma mboga za lengalenga. Nikasikia kilio. Nabintu hakunitafuta hata kidogo. Alitoka moja kwa moja barabarani kutangaza kifo changu. Nilipozunguka nyumba, majirani walikuwa wameshaanza kupanga viti vya matanga, na baba mkubwa amevua kofia. Nikasimama mbele yao na mboga zangu, nimelowa. Hakuna aliyethubutu kunisalimia.
Nilicheka, halafu nikakasirika sana. Nikachukua vidole vya Nabintu, nikaviweka shingoni kwangu.
"Maman, moyo iko natembea," alisema. "Na courant ya umeme haiko."
Nikawaambia wote: Jumatatu nafundisha. Viti wavirudishe walikovitoa.

Jumatatu, 2 Septemba
Asubuhi Nabintu alinipa pasi mwenyewe, imeshapata moto. Tulipanda mlima hadi Kadutu pamoja, yeye amebeba mkoba wangu. Watoto wamerefuka. Nimefundisha hesabu, nimesimama mpaka kengele ya mwisho. Betri itaisha siku moja, najua. Leo haijaisha.
Nabintu alikuwa bado ananingoja langoni. Aliweka vidole shingoni kwangu, akatafuta, akapata. Tukashuka nyumbani.