Marufuku ya Utani Karakanani

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimechoka na huyu Abdulrazak. Tangu baba yake amwachie karakana ya milango, kila wiki tangazo jipya. Leo: marufuku utani wa makabila kazini. Kisa — mteja alimsikia Masoud, fundi wetu wa nakshi, akiniuliza kama nimechora ua au kabichi iliyokanyagwa. Akadhani natukanwa. Masoud Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Asiponikejeli yeye, nani? Na kabichi ile niliifuta palepale, jioni tukawa na ua la maana.

Sasa hata kubadili mchoro ni mpaka kikao. Na hoteli mpya ya ufukweni inataka nakshi isiyowahi kuonekana mjini, sampuli Jumamosi. Wasipoipenda, milango yote inakwenda kwa mafundi wa Dar.

Jumatano, 14 Mei
"Saa ya Ubunifu." Watu wazima na ndevu zao wanakimbiza maputo kati ya mbao za mninga, bosi anapiga makofi. Eti karakana za kisasa hucheza, ndiyo maana zinabuni. Sisi tulikuwa tunacheza kutwa bila puto! Nikanyamaza. Najma mimi, kunyamaza.

Nimempelekea Masoud mchoro wa tatu. Mzuri, dada, akasema. Wa kwanza nao mzuri. Wa pili mzuri. Hasira! Anaogopa lile tangazo.

Ijumaa, 16 Mei
Nimemfuata Abdulrazak baada ya swala. Nikamweleza taratibu: Masoud akinicheka ndipo ninapoliona kosa, nami nikimcheka ndipo anapojaribu mkato mpya. Akasema ananielewa, atalipeleka kwenye kikao cha Jumatatu. Jumatatu! Sampuli kesho.

Jumamosi, 17 Mei
Naandika hapa mlangoni kwa bosi. Nimeitwa.

Mama wa hoteli, mwenye kutaka milango, aliizunguka sampuli. Akamuuliza Masoud anaionaje kazi yake. Masoud akamtazama bosi. Nzuri, mama, akasema. Mama akaanza kutafuta ufunguo wa gari.

Nikashindwa kujizuia. Nikasema mbele ya wote: Mnyamwezi wewe, hii umechonga au umetafuna?

Abdulrazak akanionyesha ofisi kwa kidole. Sasa yuko ndani, anaongea na simu, sauti ya kufukuza mtu.

Uani Masoud ananijibu. Eti Wazaramo hata tukichora mkono unacheza ngoma, ona mstari huu ulivyokata kiuno. Mama wa hoteli anacheka. Anauliza, na ukiuacha ucheze mpaka chini?

Masoud anaomba chaki. Chaki ninayo mimi, mfukoni.