Salamu Kutoka Simu ya Dobi

Jumatatu, 3 Machi
Wateja wawili. Shati moja, shuka mbili. Basi. Nimepiga pasi, nimekunja, nimekaa. Duka la mashine za kufulia ng'ambo ya barabara limejaa watu hadi mlangoni. Sikuona wivu. Sioni chochote siku hizi. Kula nakula kwa sababu sahani imewekwa mbele yangu.

Wifi kapita jioni. Kasema tangu kaka yake afe nakaa dukani kama nimeazimwa. Wateja walikuwa wake, mimi nilikuwa wa pasi, nyuma ya pazia. Kweli tupu. Mwisho wa mwezi hali ikiwa hii hii, tunafunga, nirudi kwetu. Nikasema sawa. Akanikodolea macho — alitaka nibishe!

Jumanne, 4 Machi
Wifi kapekua droo ya vifungo, katoa daftari la marehemu. Kila mteja na ukurasa wake. Nguo ni robo tu, zilizobaki ni habari za watu! Kola isitiwe wanga. Pacha wa pili anaogopa mbwa. Mkewe anaumwa goti — uliza goti. Kumbe siku tatu baada ya mtu kuchukua nguo alikuwa anampigia, anauliza koti limekaa vizuri? Kifungo kikilegea alikikaza, wala hasemi. Miaka kumi na minne namsikia anapiga soga kule mbele, nikadhani ni uvivu.

Wifi anasema wasalimie watu, ila kazi usiwaombe. Sawa.

Jumatano, 5 Machi
Kupiga simu siwezi, sauti haitoki. Nimewasha simu yake, nimekuta ujumbe aliozoea kuwatumia wateja. Nimeutuma vilevile, watu thelathini na mmoja. Nikarudi kwenye pasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu! Ujumbe wenyewe: "Ni mimi dobi wako. Nimekukumbuka tu. Tutaonana." Kutoka namba yake. Kwa watu waliomzika!

Mama Pacha kaja mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Alidhani marehemu anamwita. Dereva wa gari la shule kajibu: Dobi, mimi bado, nina watoto wadogo. Wifi kacheka mpaka kakaa chini, halafu akalia palepale sakafuni. Mimi natazama. Nilijua jambo lenyewe linachekesha. Nilijua linaliza pia. Hakuna kilichokuja.

Mama Pacha akawa haondoki. Nikafungua daftari chini ya meza, nikamuuliza yule wa pili bado anaogopa mbwa? Kaongea saa nzima. Alasiri karudi na furushi la mapazia.

Ijumaa, 7 Machi
Watu tisa! Wengine wameleta pole tu, wengine pole na nguo. Nauliza, wanajibu, naandika, mwandiko wangu chini ya wake. Najiona karani. Wifi hataji tena kufunga.

Jioni limeingia jibu la mwalimu mstaafu, yule wa daftarini mwenye koti la kijivu na mke wa goti. Alikuwa mbali kwa mwanawe mwaka mzima. "Nami nimekukumbuka, mtani wangu. Kesho nakuja." Hajui. Nimeandika jibu mara nne, nimefuta mara nne.

Jumamosi, 8 Machi
Kaja asubuhi, koti mkononi, kicheko tangu mlangoni. Nikasema karibu mwalimu, goti la mama linaendeleaje? Mjinga mimi! Badala ya kumwambia, nauliza goti. Akafurahi. Siku hizi anapanda ngazi bila kushikwa, kasema. Kisha akafungua leso, ndani kifungo cha kijivu. Mwaka jana walibishana: marehemu alisema kimezama ndani ya bitana, mwalimu akashikilia kimeanguka barabarani, akamkataza kupasua. Kilikuwa kwenye bitana.

Shemeji, kasema, mwite mtani wangu nimkabidhi mwenyewe, leo nakubali nimeshindwa.

Nikasema subiri kidogo. Nikapita pazia.

Niko hapa nyuma, naandika nimesimama, karatasi juu ya meza ya pasi. Daftari lake nimelifungua pembeni, ukurasa wa mwalimu. Mstari wa mwisho: "Akirudi, nimuulize kifungo." Wino unachuruzika. Nalia — mimi! — nalia hadi pua, na mteja yuko nje.

Anagonga meza. Anaita. Dobi, acha maringo, toka!